Ng'ombe Hawapiti: Historia Fupi ya Ritifaa Kwenye Meza ya Linux

Mtu yeyote aliyewahi kuomba msaada wa Linux anaijua amri hii: LC_ALL=C. Unaiandika kwenye terminali mbele ya jina la programu iliyokugomea, programu inafunguka upya, na chochote ilichokuwa ikikwambia kwa lugha yako sasa inakwambia kwa Kiingereza. Ukipeleka shida yako kwa wajuzi bila kufanya hivyo, watakurudisha: endesha tena, kwa C. Herufi hiyo imetokana na lugha ya kuandikia programu iitwayo C, iliyozaliwa katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ndani ya mfumo maana yake ni kama "bila lugha, bila nchi". Bila lugha, halafu kinachotokea ni Kiingereza. Hapo ndipo nilipoanza kukuna kichwa.

Ufundi wa kutafuta hitilafu kwenye kompyuta iliyopambwa na mwenyewe una kanuni moja kubwa: vua. Vua rangi za madirisha ulizoziweka, vua viongezo, vua mikato ya kibodi uliyojitungia, vua kimoja kimoja mpaka tatizo liondoke, na cha mwisho ulichokivua ndicho mchawi wako. Kanuni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila kwenye orodha ya vitu vya kuvua, Kiswahili kimo. Kimewekwa fungu moja na rangi ya dirisha. Kinaachwa mlangoni kama kandambili.

Nichukue kisa cha hapa Mzinga, kata ya Manispaa ya Morogoro, chini ya Uluguru, ambako steshenari ni nyingi na zote zina kazi. Wateja ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine wenye tasnifu zao, walimu wenye mitihani, na vikundi vya kina mama na vijana wenye maandiko ya miradi ya kupeleka halmashauri kuomba mkopo. Ufugaji, ufugaji, ufugaji. Kijana mmoja mwenye steshenari anatumia Linux yenye eneokazi la Xfce, kwa sababu kompyuta yake ni ya zamani na Xfce haina majivuno. Ameipamba. Kwenye Thunar, programu ya kupitia mafaili, ameongeza amri yake mwenyewe: unabofya faili kwa kitufe cha kulia, hati fupi ya amri inaibeba, LibreOffice inaigeuza kuwa PDF bila hata kufungua dirisha, kisha kazi inakwenda kwenye printa. Mteja anasubiri nusu dakika badala ya tano.

"Mwalimu," akaniambia siku moja, "mbuzi wanapita. Kuku wanapita. Ng'ombe hawapiti."

Nilicheka, lakini alikuwa anaeleza ukweli mtupu. Faili la ufugaji wa mbuzi lilichapwa. La kuku lilichapwa. La ng'ombe, kimya. Na si yote: mafaili mengine ya ng'ombe yalikuwa yakichapwa vizuri tu, lakini hayo ukiyatafuta kwa Catfish, programu ya kutafutia, ukiandika "ng'ombe" hayaonekani. Yaani yanayopatikana hayachapwi, na yanayochapwa hayapatikani. Kikundi kimoja kilikuwa kimebakiza saa chache kuwasilisha andiko lake, na mwenyekiti wao amekaa kwenye benchi akimtazama kijana kama anayetazama mtu anayemfanyia makusudi.

Ukipima kila programu peke yake, haina kosa. LibreOffice inaandika. Thunar inabeba. Catfish inatafuta. Printa inachapa kuku mchana kutwa. Kosa halikai ndani ya programu yoyote. Linakaa katikati yao, kwenye kialama kidogo kinachoelea kati ya g na o.

Alama hiyo tunaiita ritifaa, na katika Kiswahili si pambo. Ndiyo inayotenganisha sauti ya "ng'oa" na ile ya "ngoja". Tahajia ya Kiswahili Sanifu ilisimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na kwa watu wa zama zile ritifaa haikuwa na utata: kwenye taipureta ilikuwa kitufe kimoja, kijiti kilichosimama wima. Unapiga, inatokea. Nani angewaza kwamba siku moja kijiti hicho kitakuwa na wenye mali watatu?

Mwenye mali wa kwanza ni sisi, wenye ng'ombe. Wa pili ni Unix. ASCII, jedwali la herufi la Marekani lililotoka mara ya kwanza mwaka 1963, liliipa ritifaa namba 39 na kuibebesha kazi zaidi ya moja: ritifaa, alama ya kufunga nukuu, hata alama ya mkazo juu ya irabu. Kisha waandishi wa Unix wakaichukua wakaipa kazi nyingine. Katika ganda la amri, lile ambalo Stephen Bourne alilipa sura tunayoitambua hadi leo katika Unix ya toleo la saba mwaka 1979, kijiti hiki ni mlango. Kikitokea cha kwanza mlango umefunguliwa, na kila kitakachofuata kinachukuliwa kama kilivyo mpaka kitokee cha pili cha kuufunga. Sasa wewe andika jina la faili lenye ng'ombe mmoja ndani ya hati ya amri inayozungushia majina kwa vijiti hivyo hivyo. Mlango unafungwa kabla ya wakati, unafunguliwa tena, na haufungwi kamwe. Ganda linafika mwisho wa maandishi likisubiri kijiti kisichokuja. Linalalamika, lakini linalalamikia mahali ambapo hakuna dirisha la kuonyesha malalamiko, maana kijana alibofya kitufe. Hakuandika amri kwa mkono.

Mwenye mali wa tatu ni wapambaji wa maandishi, watu wa vitabu, ambao kijiti kilichosimama wima kinawakera. Wao wanataka kilichopinda kama koma iliyopaa juu. Unicode, iliyotoka mwaka 1991, iliwapa namba yao, 2019 kwa hesabu ya kumi na sita, na LibreOffice ikiwa imewashwa kipengele cha kusahihisha papo kwa papo itakugeuzia kijiti kuwa koma-juu bila kukuuliza. (Unicode ina pia ritifaa ya tatu, namba 02BC, inayohesabiwa kuwa herufi kamili. Kwa sauti kama ng' hiyo ndiyo ingefaa zaidi. Kitufe chake kwenye kibodi ya dukani nioneshe.)

Basi kisa kikajieleza. Mafaili ambayo kijana aliyapa majina kwa kuandika kwenye kibodi yalikuwa na kijiti. Yalivunja hati yake ya amri. Mafaili ambayo aliyapa majina kwa kunakili kichwa cha habari kutoka ndani ya andiko yalikuwa na koma-juu. Yalipita kwenye hati bila shida, maana ganda haliijui koma-juu, lakini yalifichika kwa Catfish, kwa sababu anayetafuta anaandika kijiti. Kwa macho majina ni mamoja. Kwa mashine ni wanyama wawili.

Na kilichoonyesha hayo, niwe mkweli, ni ile amri niliyoanza kwa kuilalamikia. Ukiorodhesha folda lile kwa LC_ALL=C, koma-juu haiwezi tena kujifanya ritifaa. Linatokea hivi: 'Ufugaji wa ng'$'\342\200\231''ombe.odt'. Hizo namba tatu ni baiti za koma-juu zikiwa uchi. Faili la pili linabaki "Ufugaji wa ng'ombe.odt". Ukiivua lugha, unaona mifupa. Kwa hiyo sisemi amri ile ni mbaya. Swali langu ni kwa nini meza hii ilijengwa hivi kwamba kila anayeketi analeta mila zake, na kwa nini mila yetu ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Jibu la sehemu ya kwanza lina tarehe. Chuo Kikuu cha Sokoine kilianza Julai 1984, miezi michache baada ya Edward Sokoine kufariki kwa ajali ya gari katika mkoa huu huu wa Morogoro. Juni ya mwaka huo huo, huko MIT, Bob Scheifler aliwaandikia wenzake kuwatangazia mfumo wa madirisha aliouita X. Wajenzi wa X walishikilia msimamo mmoja ambao umetufikisha hapa: mfumo utoe nyenzo, usitoe sera. X itachora dirisha. Dirisha liwe na rangi gani, kitufe cha kufunga kikae kushoto au kulia, menyu itokee wapi, hayo waamue wengine. Toleo la 11 lilitoka mwaka 1987 na ndilo lililodumu. Mwishoni mwa muongo huo David Rosenthal akaandika mwongozo wa jinsi programu zinavyopaswa kusalimiana ndani ya X, namna ya kunakili na kubandika, namna ya kuomba nafasi. Fikiria hilo: nyumba ilijengwa kwanza, wapangaji wakaingia, ndipo mtu akakaa kuandika adabu za kuishi pamoja.

Oktoba 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Ujerumani, akatangaza KDE, kwa sababu alichoshwa na programu zisizofanana hata kwa sura. Agosti 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wa Mexico wakaanzisha GNOME, maana maktaba ya Qt ambayo KDE iliijengea wakati huo haikuwa huru vya kutosha. Wote walitaka umoja, wakazaa nyumba mbili. Mwaka 2000 Havoc Pennington akaanzisha freedesktop.org ili nyumba hizo zipatane walau kwenye mambo ya lazima. Historia ya eneokazi la Linux ni historia ya mikutano ya usuluhishi, na sisi tunaoketi kwenye meza hiyo tunaishi ndani ya mapatano ambayo bado wino haujakauka.

Wino, kweli. Kuna hitilafu maarufu iliyosumbua watu miaka mingi: unaweka mandhari nyeusi, unafungua Firefox, unaandika jina lako kwenye kisanduku cha tovuti, huoni kitu. Mwandishi wa tovuti alisema karatasi iwe nyeupe, hakutaja rangi ya wino, akiamini kila wino ni mweusi. Mwenye mandhari alisema wino uwe mweupe, akiamini karatasi ni nyeusi. Kila mmoja yuko sahihi kwake. Unaandika nyeupe juu ya nyeupe.

Kuhusu dawa, mafundi wana mbinu moja ninayoipenda kuliko zote. Kabla hujavua chochote, fungua akaunti mpya kwenye kompyuta hiyo hiyo, ingia nayo, jaribu kazi ile ile. Akaunti mpya haina mapambo yako. Ikifaulu, ujue ugonjwa uko kwenye mapambo yako, si kwenye mfumo. Ikishindwa, acha kujilaumu. Akaunti ya namna hiyo mimi huipa jina "mgeni", kwa sababu wazee walishasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa sehemu ya pili ya swali. Kiswahili kilifikaje kwenye meza hii kama pambo?

Mwaka 2004 ulikuwa mwaka wa matumaini. Oktoba, Ubuntu ya kwanza ilitoka, ikifadhiliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake sisi hatukuhitaji kutafsiriwa, utu tunaujua. Kwa miaka mingi walikutumia CD bure kwa posta mpaka walipoacha mwaka 2011. Na mwishoni mwa 2004 hiyo hiyo, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na kwa ushirikiano na Wasweden, ilitoa Jambo OpenOffice: programu nzima ya ofisi, menyu kwa menyu, kwa Kiswahili. Hariri. Hifadhi. Chapa. Watu wasiojua Kiingereza wangeweza kuandika barua bila kukariri maumbo ya maneno wasiyoyaelewa. Hilo lilikuwa jambo kubwa na ninakerwa linaposahaulika.

Lakini ilikuwa programu moja. Ukiifungua, Kiswahili. Ukiifunga, meza yote iliyoizunguka ni Kiingereza. Na tafsiri ni mali ya toleo: Oktoba 2005 OpenOffice 2.0 ilishatoka, na sentensi mpya zinazohitaji mtu wa kuzikalia usiku. Mwaka 2010 LibreOffice ikajitenga. Kila programu inasonga kwa mwendo wake, kila moja na watafsiri wake wa kujitolea, wengine Dar, wengine Nairobi, wengine ughaibuni. Ndiyo maana kwenye meza moja unaweza kukuta "nenosiri" hapa na "nywila" pale, "kompyuta" hapa na "tarakilishi" pale. Ukimweleza mtu kwa simu abofye wapi, mnapishana.

Halafu kuna suala la namna tafsiri zinavyohifadhiwa, na hapa naomba uvumilivu kidogo maana ndipo utamu ulipo. Programu nyingi za Linux hutumia gettext. Mwandishi wa programu anaandika sentensi kwa lugha yake ndani ya programu yenyewe. Mtafsiri anatengeneza faili la pembeni: sentensi hii ikitokea, weka hii. Ukisema LC_ALL=C unaiambia programu: faili la pembeni usilifungue. Basi. C haileti Kiingereza kutoka popote. Inakuacha na maneno ya mwandishi wa kwanza.

Tatizo, kwa miaka mingi gettext iliamini kwamba neno moja la Kiingereza lina tafsiri moja ndani ya programu. "Open" ikiwa kitufe ni "fungua". Ikiwa hali ya mlango ni "wazi". Chagua moja. Ni toleo la mwaka 2006 lililowapa waandishi nafasi rasmi ya kutaja muktadha. Mtu wa Mzinga angewaambia hayo mapema. Jina la kata yetu ukimtajia mfugaji wa nyuki anawaza gogo lililotundikwa mtini. Ukimtajia askari anawaza kinachonguruma, na Shirika la Mzinga lililoko hapa ni la mambo ya ulinzi, si la asali. Ukimtajia mlevi ni chupa kubwa. Na kijana wa mtaani akikwambia amepigwa mzinga, hajajeruhiwa. Kuna mtu kamwomba hela. Bila muktadha utampelekea nani nyuki?

Hata ukipewa muktadha, kuna ngeli. Programu zilizozoea Kiingereza hupenda kuunga maneno kama matofali: neno la "upya" likitafsiriwa mara moja, likabandikwa kwenye kila kitu. Kwetu ni faili jipya, ukurasa mpya, kitabu kipya, nyaraka mpya, mahali papya. Mtafsiri aliyepewa tofali moja atachagua "mpya" na meza nzima itaongea kama mtalii. Msomaji anaona hilo, anacheka, anarudisha Kiingereza. Nimewaona wengi wakifanya hivyo na siwezi kuwalaumu, lakini nataka ieleweke kwamba walichokikimbia si udhaifu wa Kiswahili. Ni mshono kati ya programu iliyodhani lugha zote ni matofali na lugha ambayo kila neno linamtazama jirani yake usoni kabla ya kutoka.

Zipo nyingine ndogondogo. Kalenda ikiwekwa Kiswahili cha Kenya wiki inaanza Jumapili, ikiwekwa cha Tanzania inaanza Jumatatu. Programu mbili zenye mipangilio tofauti zitakupa juma mbili. Kiswahili cha Kongo hutenga desimali kwa mkato, chetu kwa nukta, na jedwali la hesabu likipita kutoka Bukavu kuja Morogoro, lita 1,5 za maziwa zaweza kuwa lita 15. Ng'ombe tena.

Tulivyolimaliza la steshenari ni hivi. Hati ya amri ilirekebishwa ipokee jina la faili zima kama lilivyo, bila kulisoma upya na kulizungushia vijiti. Kipengele cha kupinda ritifaa kikazimwa kwenye LibreOffice ya kompyuta ile. Majina ya zamani yakabadilishwa kwa amri moja. Andiko la kikundi lilitoka printani kurasa zote, na mwenyekiti akalikagua ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama, kisha akadai risiti.

Kijana akaongeza kitu kimoja ambacho sikumshauri. Ameifanya hati yake ifungue kidirisha kila inaposhindwa, ili asikae tena kimya na mteja kwenye benchi. Ujumbe ameuandika mwenyewe, moja kwa moja ndani ya hati, si kwenye faili la pembeni: "Faili halijapita. Angalia jina lake." Nikamwomba anipishe, nikaiendesha kwa LC_ALL=C nione. Kidirisha kikatokea: Faili halijapita. Angalia jina lake.